Shamba Lililoamka Kabla ya Amri

1

Asubuhi ya siku ya nne Ledina alipiga magoti sakafuni, akapitisha mkono chini ya kitanda na kuvuta mabakuli mawili taratibu, kama mtu anayemtoa paka mwenye hasira. Mgongoni, binti yake Tulizo, wa miezi tisa, alikuwa anatafuna kola ya sweta ya mama yake huku akinung'unika. Hakuna kati yao aliyelala vizuri tangu Jumatatu.

Bakuli la kushoto lilikuwa na punje ishirini za mahindi kutoka sanduku la Kituo. Zilikuwa zimevimba kwa maji, basi. La kulia lilikuwa na punje ishirini za mbegu ile ile, iliyotoka kwenye mgao ule ule wa mwezi wa sita. Tofauti ni kwamba hizi alizichota jikoni kwa mama mkwe wake. Ledina aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa maji. Punje kumi na nane zilikuwa zimetoa mzizi mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mmeamka."

Hazikupaswa kuamka. Mbegu hii, iliyoitwa Subira, haikuoteshwa na maji. Ungeweza kuifukia kwenye udongo uliolowa, ikakaa miezi mitano bila kujitikisa. Ganda lake lilikuwa na kufuli, kufuli la kemikali lisiloonekana kwa macho, na ufunguo wake ulikuwa ukungu mwembamba ambao ndege ndogo za Mamlaka ya Ukanda zilipulizia siku moja, saa moja, kuanzia bonde hili la Itamba mpaka ng'ambo ya mpaka wa kusini. Watu walipanda kwenye vumbi mwezi wa kumi, wakarudi nyumbani, wakakaa kusubiri waambiwe.

Na walikuwa na sababu ya kukubali. Mvua zilikuwa zimejifunza uongo. Zilinyesha wiki moja ya kukutoa machozi ya furaha, mahindi yakachomoza, kisha jua likakaa juu ya nyanda hizi za Njombe, zilizokuwa zamani za baridi ya kukunja vidole, likayakausha yakiwa na majani matatu. Na kwa kuwa baridi haikuwepo tena, viwavijeshi hawakuwa na msimu wa kufa. Shamba lolote lililowahi kuota kabla ya mengine liligeuka nyumba ya uzazi: nondo walitaga hapo, wakalea hapo, na mashamba ya jirani yalipochomoza, jeshi lilikuwa limeshakaa mezani. Ndipo ikaja Mamlaka, na Hesabu yake. Hesabu ilisoma bahari, pepo na unyevu wa udongo, kisha ikataja siku. Ikitaja, wote mnaota pamoja. Kabla ya hapo, kijani chochote kinachomwa kutoka angani.

Ledina ndiye aliyekuwa mwamshaji wa Itamba. Alitunza pipa la ukungu na kitufe cha kurushia ndege zake, na kila saa sita mchana alishika redio, pamoja na waamshaji wengine arobaini wa Ukanda, kusema maneno mawili: "Hakuna kijani." Wanakijiji walimtania kwa kumwita Mchungaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuamsha waliolala.

Siku tatu sasa, tangu shamba la mama mkwe wake lichomoze, maneno hayo mawili alikuwa anayasema kwa uongo.

Alibeba bakuli la kulia, akavuka ua chini ya manyunyu mpaka jikoni, kibanda cha matofali kilichokuwa cheusi ndani kama tumbo la chungu. Bi Onorina Mgaya, mama mkwe wake, alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga anakoroga uji.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Mtoto ameamka na homa au na njaa?"

"Na meno. Mama, nina swali, usinikasirikie. Mbegu ya msimu huu, kabla ya kupanda, uliiweka wapi?"

"Si tuliambiwa tuweke kwenye yale mapipa ya bluu, mahali pa baridi, tufunge kabisa."

"Uliambiwa. Uliiweka wapi?"

Bi Onorina aliacha mwiko. Aliinua tu macho. Juu ya mafiga, kwenye uchaga wa fito uliopakwa masizi ya miaka, kilining'inia kikapu.

"Mbegu isiyonusa moshi si mbegu, ni chakula cha fukusi," alisema. "Mama yangu aliweka pale. Bibi yangu aliweka pale. Miezi minne nimeiweka pale, haikutoboka hata punje. Nimeua mtu?"

Ledina alicheka bila kutaka. Kisha akaketi kwenye kigoda, akamwonyesha bakuli.

"Nilijua tu shamba langu lina baraka," Bi Onorina alisema, uso ukimng'aa.

"Siyo baraka, mama. Ni moshi."

Alikuwa amelizungukia jambo hilo siku tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alichunguza udongo, akachunguza kijito, akauliza mbolea. Mwishowe alinusa mbegu yenyewe, na harufu ile ikamrudisha kwenye masomo ya jioni pale Njombe mjini, kwenye ukurasa mmoja ambao mwalimu aliuruka kwa sababu haukuwa wa mtihani. Porini, ukurasa ulisema, moto ukipita na mvua ikanyesha juu ya majivu, mbegu zilizolala ardhini huinusa ile kemikali ya moshi na kujua kwamba vichaka vilivyozifunika vimeondoka. Jua lipo, nafasi ipo, zamu yetu imefika. Waliotengeneza kufuli la Subira hawakubuni ufunguo mpya. Waliazima ule wa zamani, wakauita wao.

"Nani mwingine bado anaweka mbegu jikoni?" aliuliza.

"Nani? Ninyi wote mna majiko ya umeme. Nilibaki mimi na marehemu Bi Sela." Bi Onorina alimimina uji kwenye kikombe, akaupuliza kwa ajili ya Tulizo. Sauti yake ilishuka. "Mwanangu, unga wa ghala hautufikishi hata mwezi. Hesabu yenu inalala, mvua inanyesha wiki ya pili sasa. Lile shamba ni eka moja tu. Liache likue. Eka moja itamdhuru nani?"

Hilo ndilo swali lililokuwa limemnyima Ledina usingizi. Siku ya kwanza alilijibu kwa uongo wa redioni. Siku ya pili na ya tatu pia. Leo, kabla hajafungua mdomo, redio iliyokuwa kiunoni mwake ilitetemeka.

2

Alikuwa Bwana Kyando, mkuu wa waamshaji, akipiga kutoka Kituo Kikuu. Hakusalimia.

"Jicho la juu limepita kwenu saa kumi na mbili. Nina picha ya kijani, eka moja, magharibi mwa kijito. Na nina sauti yako, siku tatu, ukisema hakuna."

Ledina alitoka nje ya jiko. Alihisi maji ya manyunyu yakimtiririka shingoni, akasogeza kitenge kumfunika mtoto kichwa.

"Ni la nani?" Kyando aliuliza.

"La mama mkwe wangu."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi ndefu. "Ningefanya hivyo hivyo kwa mama yangu. Na ningekuwa nimekosea hivyo hivyo. Vichomaji vitakuwa juu ya shamba saa sita kamili."

"Bwana Kyando, labda halina mayai. Nipe nafasi niangalie."

"Nenda kaangalie. Mimi pia napenda kutumaini. Lakini vinakuja."

Alikwenda karibu akikimbia. Mahindi yalikuwa na majani mawili mawili, marefu kama kidole, ya kijani cha kumfanya mtu atake kuyasemesha. Ledina aliinama kwenye mstari wa kwanza, akageuza jani, akageuza jingine. Hakuna. Mstari wa pili, hakuna. Mstari wa tano mgongo ulimuuma na Tulizo alikuwa analia, lakini moyo ulianza kumpanda kwa furaha ya wizi. Labda shamba hili moja, mara hii moja, lilipita bila kuonekana na nondo yeyote.

Kwenye mstari wa kijitoni aliyakuta. Chini ya jani palikuwa na kidoa kidogo cha mayai, kimefunikwa na nyoya za kijivu kama mtu aliyefunika mkate kwa kitambaa ili usipoe. Hatua mbili mbele, kidoa kingine. Akaacha kuhesabu alipofika kumi na moja.

Alisimama. Sasa alijua jibu la swali la mama mkwe wake, na hakulipenda. Mwezi mmoja, na mayai haya yangekuwa nondo wenye mabawa, wanaoweza kusafiri usiku mmoja kutoka hapa hadi kwa watu wasiowahi kusikia jina la Itamba.

Upepo ulimpiga kisogoni. Ulikuwa unatoka magharibi, kama kila siku ya wiki hiyo, unashuka kutoka shamba hili na kupita juu ya bonde. Ledina aliufuata kwa macho. Chini kulikuwa na eka mia tatu za udongo mweusi uliolowa, na ndani yake mbegu ya kila nyumba ya Itamba, yote, imelala. Akawaza vichomaji. Akawaza eka moja ya majani mabichi ikimwagiwa moto wa mafuta mazito, na moshi utakaotoka.

Aliikamata redio kwa mikono miwili.

"Bwana Kyando! Msichome. Nisikilize kwanza."

Alimwambia yote, kikapu, mabakuli, ukurasa wa masomo ya jioni, upepo. Alizungumza mbiombio kama mtu anayeogopa kukatizwa, lakini Kyando hakumkatiza. Alipomaliza, mkuu wake aliuliza kuhusu mabakuli.

"Za Kituo ziliota ngapi?"

"Hata moja."

"Na za jikoni?"

"Kumi na nane."

"Moshi wa jikoni," Kyando alisema polepole. "Wataalamu themanini, miaka sita ya maabara, halafu moshi wa jikoni." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya kazi. "Vichomaji siwezi kuvirudisha. Havipokei maelezo, vinapokea rangi. Vikikuta udongo mtupu saa sita, vitageuka vyenyewe. Ng'oeni kwa mikono. Fukieni kwenye shimo la maji na majivu, msiache hata jani. Mnaweza?"

"Tutajaribu."

"Na jingine. Nitazifuta siku zako tatu. Msimu ujao tutabadilisha ganda, tuweke kufuli ambalo moshi haulijui. Wewe usiseme kitu redioni. Sema hakuna kijani, na safari hii itakuwa kweli."

"Kwa nini nisiseme?"

"Kwa sababu ukisema, kesho kila jiko ni Mamlaka. Huyu anaamsha Jumanne, yule Ijumaa, yule akiota ndoto. Viwavi watahama shamba hadi shamba wakila msimu mzima. Mwaka wa viwavi unaukumbuka?"

"Nilikuwa bado tumboni."

"Mimi nilikuwa na miaka saba. Nyumbani tulikuwa watoto watano." Hakusema walibaki wangapi.

"Na mwaka jana je, Bwana Kyando? Hesabu ilituamsha siku mbili kabla mvua haijakata. Kila mtu hapa aliona mawingu yanaondoka. Niliwaambia Kituo. Nikaambiwa bonyeza. Nikabonyeza. Tulivuna mabua."

"Hesabu inatazama Ukanda mzima. Haiwezi kumtazama kila mtu usoni."

"Najua," Ledina alisema. "Ndiyo maana naogopa kufuli lisilojulikana na mtu yeyote isipokuwa Hesabu."

Kyando alirudia agizo lake. "Saa sita," alisema, akakata.

3

Kufikia saa nne walikuwa watu kama thelathini pembeni mwa shamba, wengi wao wanawake, wamejifunika mifuko ya plastiki vichwani. Ledina angeweza kusema tu kwamba Mamlaka imeamuru. Alitazama nyuso zile. Wengi alikuwa amecheza nao rede utotoni. Akashindwa. Aliwaeleza moshi, akaeleza mayai, akaeleza upepo.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Yusta Mlowe, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye mapacha na mdomo usiolala.

"Ngoja kwanza, Mchungaji. Unaniambia moto wa bure unakuja kwa ndege. Moshi wake utaamsha shamba langu, na mvua hii hapa inanipiga kichwani. Na wewe umeniita nije niuzuie?" Aliwageukia wenzake. "Mimi nilidhani tumeitwa kuleta nyasi tuongezee!"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa na makali. Mwanamume mmoja nyuma alisema, "Kweli kabisa! Waache wachome!"

"Tukiota leo tutaota peke yetu," Ledina alisema. "Ukanda wote utakuwa umelala. Kila nondo kutoka hapa mpaka ziwani atakuja kutaga kwenu. Na mvua hii hakuna aliyeniapia kwamba itakaa."

"Na mwaka jana nani alikuapia?" Yusta alimsogelea, mikono kiunoni. "Si ulibonyeza? Ledina, sisemi kwa ubaya. Wanangu hawali Hesabu. Jana jioni nimekoroga uji mwepesi mpaka niliona uso wangu ndani, na uso wenyewe umenichusha."

Ukweli ni kwamba moyoni, nusu ya Ledina ilikuwa upande wa Yusta. Haikuhitaji hata kufanya kosa. Ingekaa tu, imekunja mikono, na sheria yenyewe ingechoma na kuamsha. Nani angemlaumu? Tulizo alikuwa amelala sasa, shavu lake la moto limelalia uti wa mgongo wa mama yake, na Ledina aliwaza kifua chake na maziwa yanayopungua. Akawaza pia mwanamke asiyemjua, mahali fulani kusini, mwenye mtoto wa umri huo huo, ambaye mwezi ujao angeinua jani na kukuta nyoya za kijivu.

"Ninyi mmewahi kuwasikia?"

Alikuwa Bi Onorina. Alikuwa amekaa tangu mwanzo kwenye ukingo wa shamba lake, kanga imekazwa kiunoni.

"Kuwasikia nani, mama?" Yusta aliuliza.

"Viwavi. Wakila." Alipangusa maji usoni. "Mwaka ule tulitoka nje tukishangilia. Tulidhani mvua imeanza. Sauti ilikuwa ya manyunyu hasa, yanayoanguka juu ya majani, chwii, chwii, bonde zima. Tukanyoosha mikono. Mikono ikabaki mikavu. Mume wangu ndiye aliyeleta taa." Alitazama miche yake. "Wale nondo hawakutoka kwetu. Kuna mtu huko aliyeotesha mapema, alikuwa na eka yake moja nzuri, akasema itamdhuru nani. Leo asubuhi nami nimesema hivyo hivyo, kwa mdomo huu."

Hakusubiri mtu amjibu. Aliingia kwenye mstari wa kwanza, akainama na kung'oa mche, akaukung'uta udongo na kuutia kwenye kanga. Kisha wa pili. Alikuwa anang'oa kama mtu anayechagua mboga, kwa uangalifu, bila hasira, na kila mche aliutazama kabla ya kuutia.

Ledina aliingia mstari wa pili. Mizizi ilikuwa imeshika vizuri. Ilitoa mlio mdogo ilipokatika. Kwa muda walikuwa wawili tu, na eka moja ni kubwa sana kwa watu wawili. Halafu alisikia mtu akisonya karibu yake.

"Hebu sogea, Mchungaji, unang'oa kama unambembeleza," Yusta alisema, akainama. "Na huu mgowe gani usio na ulanzi? Tangu lini watu wakafanya kazi ya pamoja kwa koo kavu?"

"Mvua hiyo, kunywa," mtu alimjibu.

Wengine waliingia. Si wote, wanaume wawili waliondoka wakitikisa vichwa. Walichimba shimo karibu na kijito, wakalijaza maji, wakamwaga majivu kutoka jikoni kwa Bi Onorina. Mishipa ya mikono iliwauma. Tulizo aliamka, akafunguliwa, akawekwa kwenye mfuko wa plastiki uliotandikwa ukingoni. Alinyakua mche na kuutia mdomoni. Ledina alimtoa mche ule kidole kwa kidole, na mtoto akalia kwa uchungu wa mwenye haki. Hapo ndipo na yeye alipolia, haraka haraka, uso umeelekea ardhini, ili kazi isisimame.

Saa sita kasoro dakika tano Bi Onorina aliung'oa wa mwisho. Hakuutia kwenye kanga. Aliupeleka mwenyewe mpaka shimoni na kuuzamisha kwa mkono mpaka kwenye kiwiko.

Vichomaji vilikuja kutoka mawinguni, vitatu, vyekundu, vikivuma. Vilining'inia juu ya udongo mtupu. Kimoja kilishuka mpaka watu wakahisi upepo wake wa moto nyusoni, kikakizunguka kisiki, kikapekua ukingo wa kijito. Yusta alikuwa amemkumbatia Tulizo na kumfunika kwa mwili wake. Kisha vyote vitatu vilinyanyuka, vikageuka, vikaenda zao. Hakuna aliyeshangilia.

4

Redio ilianza kuita majina.

Ilikuwa ikiita kwa mpangilio ule ule kila siku, kijiji baada ya kijiji, na kila mwamshaji akijibu kwa sauti ya mtu anayefikiria mambo mengine. "Mgololo." "Hakuna kijani." "Mlangali." "Hakuna kijani." Wanawake wa Itamba walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa shamba, mikono imejaa udongo, wakisikiliza. Hawakuwa wamewahi kuisikia orodha hiyo. Yusta alitoa macho. "Kumbe mko wengi hivi?"

"Itamba," redio iliita.

Ledina alibonyeza. Maneno mawili yalikuwa tayari ulimini, na yalikuwa ya kweli. Yakitoka, siku zake tatu zitafutwa. Ataendelea kuwa mwamshaji, na mgao wa mwamshaji ni debe moja zaidi la unga. Msimu ujao litakuja ganda jipya, na mwaka Hesabu itakapokosea tena hakutakuwa na mtu hata mmoja, kuanzia hapa hadi ng'ambo ya mpaka, atakayeweza kufanya lolote isipokuwa kubonyeza.

"Itamba. Ledina Mligo," alisema. "Kijani kilikuwepo. Kilikuwepo siku nne. Siku tatu niliwadanganya, kwa kuwa lilikuwa shamba la mama yangu. Leo tumekuta mayai, na tumeling'oa kwa mikono."

Redio ilinguruma. "Itamba, njia hii ni ya taarifa tu." Alikuwa Kyando.

"Hii ni taarifa, Bwana Kyando. Subira inaamshwa na moshi. Mbegu iliyokaa juu ya moto wa kuni inaota kwa maji ya kawaida. Nimejaribu: kumi na nane kati ya ishirini. Na nadhani moshi ukipita juu ya shamba lililopandwa, mvua ikifuata, shamba litaamka."

"Ledina." Sauti ya Kyando haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayemwona mtoto amesimama ukingoni mwa kisima. "Nina mkono kwenye swichi yako."

"Najua. Naomba dakika moja tu, halafu kata." Alivuta pumzi. "Wenzangu, msiwashe leo. Atakayewasha peke yake atawaulia mbegu wote waliobaki, na hilo nimeliona leo kwa macho yangu. Lakini siku ya kuamka inaweza kutajwa hata na sisi. Tuko arobaini na mmoja. Kila mmoja anaona mawingu ya kwake. Tukikubaliana siku moja, hakuna atakayekuwa mbele na hakuna atakayeachwa. Nimemaliza."

Aliachia kitufe. Mvua ilisikika ikigonga mifuko ya plastiki. Alisubiri mlio mdogo wa laini kukatwa, ule aliokuwa ameuogopa tangu siku aliyoajiriwa. Alihesabu mpaka kumi. Mlio haukuja. Mahali fulani Kituo Kikuu, mtu aliyewahi kuwa na miaka saba katika nyumba ya watoto watano alikuwa ameshika swichi, na hakuwa ameibonyeza.

"Matamba," Kyando aliita hatimaye, kwa sauti iliyokauka, kama vile siku ilikuwa inaendelea kama kawaida.

Matamba alikuwa Atuganile, ambaye Ledina hakuwahi kumwona, alimjua kwa kikohozi chake tu. Alikohoa.

"Matamba, hakuna kijani," alisema. Kisha, badala ya kuachia kitufe, aliendelea kukishika. Walimsikia akipumua, na nyuma yake walisikia mvua ya huko kwao. "Itamba, dada yangu. Moshi wa kuni gani?"

Yusta alipiga kofi mdomoni mwake mwenyewe.

Ledina alifikiria. Hakujua. Yeye mwenyewe alipikia jiko la umeme. Alimgeukia mama mkwe wake, akafuta redio kwa pindo la kitenge, akamnyooshea.

Bi Onorina aliishika kama mtu anayeshika yai la moto. Alitazama shamba lake tupu, akatazama mikono yake.

"Hapa pa kubonyeza?" aliuliza. "Haya. Kamweneni huko mliko. Kuni nitawaambia, hilo ni jambo dogo." Alikohoa, akajiweka sawa. "Kwanza mniambie ninyi. Huko kwenu mvua imenyesha siku ngapi?"

Na wakaanza kujibu wote kwa pamoja.